Binti Mfalme wa Sentimita 173

Bando Tamasaburo wa Tano ana urefu wa sentimita 173. Kwa mwanamume wa Tokyo aliyezaliwa mwaka 1950, huo ni urefu wa kuonekana kwenye umati. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuwa binti mfalme anayemwinulia mpenzi wake macho, ni tatizo la kiufundi, hasa pale mpenzi mwenyewe anapokuwa mfupi kuliko mchumba.

Kimo hakikuwa kikwazo chake pekee. Utotoni alipata polio, ugonjwa uliomwachia udhaifu wa mguu, na ngoma ilianza kwake kama zoezi la kuunyoosha. Wala hakuzaliwa katika ukoo wa kabuki, tamthilia ya Kijapani yenye zaidi ya miaka 400 ambamo nafasi kubwa hutoka kwa baba kwenda kwa mwana kama shamba la minazi. Watu wake walikuwa na mgahawa. Hata hivyo, mwaka 2012 serikali ya Japani ilimwingiza katika orodha ya watu wanaoitwa Hazina Hai za Taifa. Njia iliyomfikisha huko inastahili kuchunguzwa hatua kwa hatua, kwa sababu mtu aliyeingia na mwili usiofaa hutuonyesha, kuliko aliyezaliwa ndani, jinsi mwanamke wa kabuki anavyoundwa.

Kabuki ilianzishwa na mwanamke. Yapata mwaka 1603 Okuni alicheza ngoma zake Kyoto, umati ukamfuata, na waigaji wakafuata umati. Vikundi vya wanawake vilivyozuka baada yake vilichanganya maonyesho na biashara ya ngono; wanaume wenye panga wakagombania wachezaji; na mwaka 1629 watawala wa nasaba ya Tokugawa wakapiga marufuku wanawake jukwaani ili kulinda maadili. Nafasi zao zikachukuliwa na vijana wa kiume waliokuwa bado na nywele ndefu za mbele ya kichwa, alama ya ujana kwa wakati ule. Ugomvi ukaendelea palepale, safari hii ukiwahusu vijana. Mwaka 1652 nao wakazuiwa. Kabuki iliruhusiwa kurudi kwa masharti kwamba waigizaji wanyoe nywele hizo kama wanaume wazima na wategemee hadithi kuliko sura. Hakuna ushahidi kwamba maadili yalinufaika. Sanaa ilinufaika sana.

Serikali ilikuwa imetaka mwigizaji asiyevutia, na mwigizaji aliyenyang'anywa mvuto wa bure hana budi kuutengeneza. Aliyecheza nafasi za kike, anayeitwa onnagata, alifunika utosi ulionyolewa kwa kitambaa cha zambarau, kisha akaanza kuhesabu mambo ambayo kijana mzuri hakuwa na haja ya kuyahesabu: kichwa kiiname kiasi gani, kiganja kitoke kwenye mkono wa kimono kwa vidole vingapi, hatua iwe na upana gani. Uingereza ya Shakespeare nayo ilikuwa na wavulana wa kucheza wanawake; Portia wa Mabepari wa Venisi, mchezo ambao Mwalimu Nyerere aliufasiri, aliandikiwa mmoja wao. Lakini kazi ya mvulana huisha sauti inapovunjika, na kuanzia mwaka 1660 wanawake walipopewa majukwaa ya London desturi hiyo ilikwisha bila kuacha elimu nyingi nyuma yake. Japani ilikuwa imewakabidhi kazi watu wazima. Mtu mzima ana miaka 50 ya kurekebisha kosa lilelile.

Mwanafalsafa wa kwanza wa kazi hiyo alikuwa Yoshizawa Ayame, aliyezaliwa mwaka 1673 na kufa mwaka 1729. Maneno yake yalikusanywa baadaye, na fundisho lake kuu ni kwamba onnagata aishi kama mwanamke hata nje ya jukwaa: ale akiwa amejigeuza upande ili mwenzake anayecheza mume wake asimwone akitafuna, na akiulizwa habari za mke wake aone haya. Ayame mwenyewe alikuwa na wana kadhaa waliorithi sanaa, mmoja wao, Nakamura Tomijuro, akiwa ndiye aliyecheza kwa mara ya kwanza ngoma ya Msichana wa Hekalu la Dojo mwaka 1753. Ni lazima baba yao aliona haya mara nyingi. Lakini nyuma ya ushauri huo kuna hoja nzito: tendo linalofanywa jukwaani pekee huonekana limefanywa, ilhali lililozoeleka mwilini huonekana limetokea. Onnagata wa leo hula chakula chao wakitazamana na watu. Kilichobaki ni kanuni ya mazoea, na kanuni hiyo huingizwa mwilini kiungo baada ya kiungo.

Tuanze na mabega, kwa kuwa ndiyo yanayomsaliti mwanamume mapema zaidi. Onnagata huvuta mifupa ya mabega nyuma na chini, kana kwamba anataka igusane mgongoni. Mabega huteremka, shingo hurefuka, na kola ya kimono iliyoachwa wazi nyuma huonyesha ukosi uliopakwa weupe. Kisha magoti: hukunjwa kidogo na kubanwa pamoja, na mwanafunzi hufanya mazoezi ya kutembea akiwa ameshika karatasi katikati yake bila kuiangusha. Vidole vya miguu huelekea ndani. Mikono hufichwa ndani ya mikono ya vazi, na inapobidi kuonekana, kidole gumba hukunjwa kiganjani ili upana wa kiganja upungue. Anapokaa au kusimama na mwenzake wa kiume, onnagata hujiweka nyuma kidogo, ili macho ya hadhira yafanye hesabu ya umbali na kumpunguza. Sauti hupandishwa juu kuliko sauti ya mazungumzo, lakini haiigi sauti ya mwanamke yeyote. Kuna sauti ya binti mfalme, ya mke wa samurai, ya kahaba wa daraja la juu, na kila moja ina mwendo wake wa kupanda na kushuka.

Kwa mtu wa sentimita 173 hesabu zote hizi zinazidishwa. Magoti ya Tamasaburo yamelazimika kukunjwa zaidi, chini ya kitambaa ambacho hadhira haikioni ndani, kwa muda wote wa tendo, na kwa kawaida programu moja ya kabuki huendelea siku 25 hivi mfululizo. Msomaji anaweza kujaribu kusimama hivyo kwa dakika tano huku akionekana mtulivu. Vazi nalo halisaidii. Maleba ya kahaba mkuu, yenye tabaka za hariri iliyodariziwa, mkanda mzito unaoning'inia mbele, na nywele za bandia zilizochomekwa vibanio vingi, hufikia uzito wa makumi ya kilo, na aliyevaa hutakiwa kutembea kwa viatu virefu vya mbao. Mwanamke dhaifu kuliko wote jukwaani kwa kawaida ndiye anayebeba mzigo mkubwa kuliko wote.

Uso ni kazi ya msingi na rangi. Nta hupakwa kwanza ili nyusi zifutike na rangi ishike. Weupe hufuata kuanzia usoni hadi mgongoni. Kisha wekundu kwenye pembe za macho na mdomo mdogo unaochorwa ndani ya mipaka ya mdomo halisi. Kwa karne nyingi weupe huo ulikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mwaka 1887 Mfalme Meiji alipotazama kabuki rasmi kwa mara ya kwanza, mwigizaji wa nafasi za kike, yule aliyekuja kuitwa Utaemon wa Tano, alitetemeka mguu mbele yake bila kuweza kujizuia. Madaktari waliona sumu ya risasi. Mpaka hapo waigizaji walikuwa wameugua bila kelele. Mguu uliotetemeka mbele ya mfalme ulikuwa na mashahidi wa kutosha kuchochea utafiti, na mapema karne ya 20 weupe usio na risasi ukaingia sokoni.

Mwishoni mwa karne ya 19 zuio la wanawake liliondolewa. Wanawake waliingia katika tamthilia za kisasa, baadaye katika filamu, na wengine walijaribu kabuki yenyewe, lakini milango ya majukwaa yake makubwa kwa jumla haikufunguka kwao. Sheria ilikufa, desturi iliyozaliwa nayo ikapandishwa cheo na kuitwa urithi wa utamaduni. Hoja ya watetezi ni kwamba baada ya miaka zaidi ya 200 wanawake wa kabuki walikuwa wameandikwa kwa vipimo vya mwili wa kiume uliofunzwa: nguvu ya kubeba vazi, mvutano unaotokana na kuficha. Ni hoja yenye ukweli, ingawa ina faida ya ziada ya kulinda ajira za waitoao.

Huu ndio ulimwengu ambao mtoto aitwaye Nirehara Shin'ichi aliingia kupitia darasa la ngoma. Morita Kan'ya wa Kumi na Nne, mwigizaji mwenye jina kubwa, alimchukua kama mwanafunzi, na Desemba 1957, akiwa na miaka saba, mtoto huyo alipanda jukwaani kwa jina la Bando Kinoji, akicheza nafasi ya Kotaro katika Terakoya. Kotaro ni mtoto anayepelekwa shule na wazazi wake ili akatwe kichwa badala ya mtoto wa bwana. Mwanzo wa kazi hauchaguliwi. Mwaka 1964 Kan'ya alimwasili rasmi na kumpa jina la Tamasaburo wa Tano.

Kuasili ndiyo siri ya wazi ya kabuki. Koo zake huhesabu vizazi kwa fahari, wa sita, wa tisa, wa kumi na nne, na mgeni hudhani anasomewa nasaba ya damu. Kwa kweli anasomewa orodha ya majina, na jina hupewa anayeweza kulibeba; damu ikikosekana, karatasi za kisheria hufanya kazi yake. Bila njia hiyo majina mengi yangekufa kwa kukosa mtoto wa kiume, au kwa kuwa na mtoto wa kiume asiye na kipaji, jambo ambalo ni baya zaidi. Ukarimu huu una mipaka. Tangu mwaka 1970 Jumba la Maonyesho la Taifa limekuwa likiwafunza kabuki vijana wasio na ukoo, na jukwaa la leo lisingeweza kufunguliwa bila wao, lakini wengi huishia kuwa wajakazi, askari na watu wa umati. Tofauti kati yao na Tamasaburo haiwezi kuelezwa kwa kipaji peke yake. Kan'ya alimpa mlango, na mlango ulikuja mapema, wakati mifupa bado inafunzika.

Kan'ya alikufa mwaka 1975. Katika kabuki kijana aliyefiwa na baba hupoteza pia wakala wake, kwani baba ndiye humwombea nafasi na kumfundisha nafasi hizo. Lakini wakati huo Tamasaburo alikuwa ameshapata mtaji mwingine. Mwaka 1969 mwandishi Mishima Yukio aliandika na kuongoza mchezo mpya wa kabuki, Chinsetsu Yumiharizuki, katika Jumba la Taifa, na nafasi ya Binti Mfalme Shiranui akampa Tamasaburo, kijana wa miaka 19. Magazeti yakamgundua, jinsi magazeti yanavyogundua vitu vilivyowashwa taa. Hadhira changa ambayo haikuwa na habari na kabuki ikaanza kununua tiketi.

Kampuni ya Shochiku, inayoendesha karibu maonyesho yote ya kabuki, ilitatua suala la kimo kwa njia iliyo nyepesi kuliko zote: ilitafuta wanaume warefu. Kataoka Takao, ambaye leo ni Nizaemon wa Kumi na Tano, alikuwa mrefu na mwembamba, mkubwa wa Tamasaburo kwa miaka sita. Walipowekwa pamoja miaka ya 1970, ule urefu uliokuwa kasoro ukageuka kuwa kipimo kipya. Wawili hao walionekana kama michoro ya mbao ya zamani, ambayo watu wake pia wana miili mirefu kuliko Mjapani yeyote aliyewahi kuichonga. Mashabiki wakawapa jina moja la pamoja, Taka-Tama. Ukubwa jukwaani hupimwa kwa aliye karibu nawe.

Mchezo unaoeleza vizuri zaidi kwa nini ushirika huo ulidumu ni Sakurahime Azuma Bunsho, ulioandikwa na Tsuruya Nanboku wa Nne mwaka 1817. Binti Mfalme Sakura alibakwa gizani na mwizi ambaye hakumwona uso, akajifungua mtoto kwa siri, na akabaki na kumbukumbu ya chale mkononi mwa mtu yule. Alitamani kumpata tena kiasi cha kujichora chale hiyohiyo. Anampata, anamfuata, na mwizi anamuuza danguroni. Ugumu wa nafasi hii unaanzia hapo: Sakura anarudi akiwa anazungumza lugha mbili ndani ya sentensi moja, adabu za ikulu zikivunjwa katikati na matusi ya mtaani, kisha adabu zikirudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Onnagata aliyefunzwa sauti ya binti mfalme na sauti ya kahaba kama vyombo viwili tofauti hapa anatakiwa kuvipiga kwa zamu, bila kuonyesha mshono, na bila kuwachekesha watu kupita kiasi. Tamasaburo huyatamka matusi kwa utulivu uleule wa adabu, na hadhira hucheka huku ikiona mtu aliyeharibiwa. Mwishoni Sakura anagundua kwamba mwizi ndiye muuaji wa baba yake, anamuua yeye na mtoto, na kurudia heshima yake. Mwaka 2021 wawili hao waliucheza tena Kabuki-za, jumba kuu la Tokyo, Tamasaburo akiwa na miaka 71 na Nizaemon 77. Sakura, msichana wa miaka 17, hakuhitaji kurekebishwa, kwa kuwa tangu mwanzo hakuwa ametengenezwa kwa ujana.

Nje ya Japani anajulikana zaidi kwa Sagi Musume, ngoma ya korongo mweupe katika umbo la msichana aliyetendwa na mapenzi. Ilianza mwaka 1762. Mavazi hubadilika mbele ya macho: nyuzi zilizoshonwa kwa muda huvutwa na msaidizi aliyejikunyata nyuma, vazi la juu hudondoka, na jingine la rangi tofauti huwa tayari limevaliwa chini yake. Mwishoni korongo hufa kwenye theluji. Tamasaburo aliicheza Metropolitan Opera ya New York mwaka 1984, na watazamaji wakaona kifo cha Kijapani cha kale. Historia ya jukwaa ina maelezo mengine: kwa desturi ya zamani mchezaji alimalizia akiwa amesimama juu ya jukwaa dogo jekundu, na kule kufa kwa kulegea polepole huhusishwa na ziara ya Anna Pavlova, mcheza baleti wa Urusi, aliyeonyesha batamaji wake anayekufa nchini Japani mwaka 1922. New York ilikuwa imerudishiwa mali ya Ulaya, ikiwa imefungwa kwa hariri.

Kazi zake nyingine nje ya kabuki ni nyingi na hazina uzito sawa. Amecheza Lady Macbeth na Desdemona. Ameongoza filamu tatu. Aliongoza kisanaa kundi la ngoma la Kodo, la kisiwa cha Sado, kuanzia 2012 hadi 2016. Mbili zina maana kwa hoja yetu. Katika Nastasja, mchezo wa Andrzej Wajda uliotokana na riwaya ya Dostoyevsky na kufanywa filamu mwaka 1994, alicheza mwanamke na mwanamume anayempenda, Nastasya na Mwana wa Mfalme Myshkin, akibadilika mbele ya mtazamaji kwa msaada wa shali na mkao wa mwili. Bila weupe na bila nywele za bandia, ilionekana kiasi gani cha mwanamke kilikuwa kwenye mgongo. Na mwaka 2008 alicheza Du Liniang katika Banda la Maua ya Peoni, opera ya Kichina ya mtindo wa kunqu, akiimba kwa Kichina mbele ya Wachina. Mabega na magoti aliyafahamu. Lugha ilibidi ajifunze upya, na katika opera hiyo kosa la toni ni kosa la muziki.

Nafasi iliyo kipimo cha mwisho cha onnagata, hata hivyo, ni Akoya, kutoka mchezo wa vikaragosi wa mwaka 1732. Akoya ni kahaba ambaye mpenzi wake, shujaa Kagekiyo, anasakwa na serikali. Hakimu Shigetada anakataa kumtesa ili aseme mpenzi yuko wapi. Anaamuru apige ala tatu mfululizo: koto ya nyuzi 13, shamisen ya nyuzi tatu, na kokyu inayopigwa kwa upinde. Akidanganya, moyo utayumba na nyuzi zitayumba. Anapiga bila kasoro, anaachiwa huru. Mahakama ya aina hii ingewaachia wanamuziki wote na kuwafunga wananchi wengine, lakini kwa jukwaa ni mtego kamili, kwa kuwa mwigizaji hupiga ala hizo mwenyewe, papo hapo, ndani ya maleba mazito, mkanda mkubwa ukimzuia kuziinamia, na huku uso ukiendelea kumfikiria Kagekiyo. Akipiga vizuri lakini akasahau huzuni, tunaona tamasha la muziki. Akihuzunika na kukosea uzi, kwa mujibu wa hadithi yenyewe ana hatia.

Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20 Akoya alikuwa mali ya mtu mmoja, Nakamura Utaemon wa Sita, mwana wa yule aliyetetemeka mguu mbele ya mfalme na mtawala wa nafasi za kike baada ya vita. Tamasaburo alimcheza kwa mara ya kwanza mwaka 1997, miaka minne kabla ya Utaemon kufa, na kwa muda mrefu akawa yeye pekee. Hali hiyo ni ya fahari kwa mwenye nafasi na ya hatari kwa nafasi yenyewe. Sheria ya Japani ya kulinda mali za utamaduni, rika lake kwa kuwa nayo ni ya mwaka 1950, humpa Hazina Hai ruzuku ya yeni milioni 2 kwa mwaka ili ahifadhi ujuzi na kuurithisha. Haisemi arithishwe nani.

Desemba 2018 Kabuki-za ilimpanga Akoya kwa waigizaji watatu wanaopokezana: Tamasaburo, na vijana wawili aliowafundisha, Nakamura Baishi na Nakamura Kotaro. Wote wawili wametoka katika koo za zamani za kabuki. Safari hii mtoto wa mgahawa ndiye aliyekuwa akiwarithisha watoto wa nyumba. Katika siku za vijana, mwalimu hakubaki nyuma ya pazia. Alicheza Iwanaga, msaidizi mkorofi wa hakimu, nafasi ya kiume ya kuchekesha ambayo huigizwa kwa miondoko ya kikaragosi, na watu waliovaa nguo nyeusi hujifanya wanamwendesha kutoka nyuma. Wakati wa muziki Iwanaga hukaa jukwaani muda wote, akiwa na kazi moja rasmi, ambayo ni kutafuta kosa.